Sura ya Sita: Programu Ikiandikwa Ng'ambo

Mtu wa Chake Chake mwenye akiba ya karafuu, au aliyetumiwa fedha na nduguze walioko Muscat, akitaka kutia mtaji katika kampuni changa ya teknolojia huuliza mambo mawili kwanza: nani anaiendesha, na faida itaonekana lini. Nchi ambamo programu yenyewe inaandikwa huja kuulizwa mwisho kabisa, mara nyingi siku ambayo kazi imeshasimama. Hapo ndipo watu huulizana: inakuwaje vita vya Ukraine, machafuko ya Dhaka au meli iliyopigwa Bahari ya Shamu vimeze fedha ya mtu aliyeko Pemba?

Kampuni changa, kwa maana ya sura hii, ni kampuni mpya iliyojengwa juu ya wazo la teknolojia, ambayo bado haijajitosheleza kwa mapato yake na inaishi kwa fedha za wawekezaji huku ikitafuta wateja. Hatari za siasa za dunia ni hasara zinazoletwa na mambo ya serikali na mataifa: vita, uchaguzi wenye fujo, vikwazo vya kiuchumi, sheria mpya, mtandao kuzimwa. Ugumu wake ni kwamba hazingoji kosa la mtu. Wazo linaweza kuwa zuri, hesabu zikawa safi, wateja wakawepo, na kampuni ikafa kwa jambo lililoamuliwa katika mji ambao mwekezaji hajawahi kuufikia.

Kazi hutokaje nje ya nchi

Chukua mfano wa kubuni. Vijana wawili wa Wete wanataka kutengeneza programu ya simu ya kununulia mwani. Mkulima, ambaye Pemba mara nyingi ni mwanamke, anapima mzigo wake mbele ya mnunuzi. Kilo zinaingia kwenye simu badala ya daftari, na malipo yanatumwa hapo hapo kwa njia ya simu. Wazo linaeleweka na haja ipo. Wanachokosa ni waandishi wa programu. Wanaomba bei Dar es Salaam na Nairobi, kisha wanapata bei nafuu zaidi kutoka kwa kampuni ya Dhaka, Bangladesh. Wanatia saini. Huko ndiko kutoa kazi nje.

Baada ya miezi michache kampuni hiyo ina vipande vinne vilivyotawanyika. Watu wanaoandika programu wako Dhaka. Msimbo, yaani maandishi ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata, umehifadhiwa kwenye GitHub, ghala la mtandaoni linalomilikiwa na Microsoft ya Marekani tangu 2018. Seva, yaani kompyuta inayokaa macho usiku na mchana kuzipokea kilo na kuzituma fedha, imekodiwa kwa mfanyabiashara mkubwa wa huduma hizo na iko Cape Town au Ireland. Nywila za kuingilia kote huko anazo fundi mmoja wa Dhaka, kwa sababu ndiye aliyefungua akaunti.

Mwekezaji anayesoma cheti cha usajili anaona kampuni ya Pemba. Kwa uhalisia, kilichoko Pemba ni cheti, vijana wawili na mizani. Thamani yote aliyoilipia iko chini ya serikali tatu au nne za kigeni, na kila moja ina ugomvi wake na ulimwengu.

*Kwa ufupi: kabla ya kuuliza hatari, uliza mahali. Watu wako wapi, msimbo uko wapi, seva iko wapi, nywila anazo nani.*

Pemba imeshayaona haya

Kisiwa hiki hakihitaji kufundishwa maana ya kutegemea maamuzi ya mbali. Sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar hutoka Pemba, na kwa miongo kadhaa mnunuzi mkubwa alikuwa mmoja: Indonesia, ambako karafuu husagwa na kuchanganywa na tumbaku kutengeneza sigara za kreteki. Serikali ya Indonesia iliamua kupanda karafuu zake yenyewe, na kufikia miaka ya 1980 ilikuwa inajitosheleza. Bei ya dunia ikaporomoka. Kuporomoka huko hakukuletwa na ugonjwa wa mikarafuu wala mgomo wa wachumaji wa Pemba. Uamuzi ulifanyika Jakarta kwa maslahi ya Jakarta, na athari yake ikaingia katika kila nyumba ya Wete na Mkoani.

Kisa cha pili ni cha karibu zaidi, na kinamgusa moja kwa moja anayewekeza katika teknolojia. Tarehe 28 Oktoba 2015, matokeo ya uchaguzi mkuu wa Zanzibar yalifutwa. Uchaguzi wa marudio ukafanyika tarehe 20 Machi 2016, na chama kikuu cha upinzani, chenye nguvu kubwa Pemba, kikaususia. Siku nane baadaye, bodi ya Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, MCC, ikasitisha ushirikiano wake na Tanzania katika mpango wa pili wa misaada wenye thamani ya takriban dola milioni 472, ambao shabaha yake ilikuwa umeme. Sababu zilizotajwa zilikuwa mbili: uchaguzi wa Zanzibar, na namna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilivyokuwa ikitumika. Mjasiriamali aliyepanga biashara yake kwa matumaini ya umeme wa mpango huo hakuwa na kura katika bodi ile ya Washington wala katika tume ya uchaguzi.

Umeme wenyewe una somo lake. Kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 Unguja ilikaa gizani karibu miezi mitatu kwa sababu ya hitilafu kwenye njia moja ya umeme kutoka bara. Mwaka 2010 Pemba nayo ilipata waya wake wa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada mkubwa wa Norway, na kuachana na majenereta ya dizeli. Waya huo ni neema kubwa. Lakini kila mwekezaji wa Pemba anajua, hata asipotamka, kwamba biashara yake imening'inia kwenye waya huo.

Hatari ya kutoa kazi ya programu nje ni ya ukoo huo huo. Ng'ambo haina ubaya kwa kuwa ng'ambo. Pemba imeishi kwa biashara ya bahari karne nyingi. Kinachoumiza ni kuwa na njia moja tu, inayoshikwa na mtu asiyewajibika kwako.

Vita vinapowafikia waandishi wa programu

Kabla ya 2022, Ukraine ilikuwa miongoni mwa nchi zilizosifiwa sana kwa kazi hii. Ilikuwa na wahandisi wengi waliosoma hisabati vizuri, bei yao ilikuwa chini ya ile ya Ulaya Magharibi, na kampuni changa nyingi za Marekani na Ulaya zilikuwa na timu Kyiv, Kharkiv au Lviv. Tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yakavamia. Katika siku hizo hizo sheria ya kijeshi ikawazuia wanaume wa miaka 18 hadi 60 kutoka nchini. Mwandishi wa programu aliyekuwa na tiketi mkononi akabaki. Mwengine akachukua silaha. Mwengine akaendelea kuandika msimbo akiwa kwenye handaki.

Kampuni iliyoonesha wazi ukubwa wa hatari hiyo ni EPAM. Ilianzishwa 1993 na Arkadiy Dobkin, mzaliwa wa Belarus, makao yake yakiwa Marekani, na ilikuwa ikiwaandikia programu wateja wakubwa duniani. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake walikuwa katika nchi tatu: Ukraine, Belarus na Urusi. Siku chache baada ya vita kuanza ilitangaza kwamba haiwezi tena kukadiria mapato ya mwaka ule, na tarehe 28 Februari hisa zake zikapoteza karibu nusu ya bei kwa siku moja. Kampuni haikuwa imekosea kazi yoyote ya mteja. Hesabu ya ramani ndiyo iliyokuwa mbaya: nchi tatu zinazopakana, zilizofungwa katika mgogoro mmoja, zilihesabiwa kama vituo vitatu tofauti.

Hapo pana funzo ambalo wawekezaji wadogo hulipita. Kugawa kazi katika nchi mbili hakusaidii ikiwa nchi hizo zitaungua kwa moto mmoja. Timu moja Minsk na nyengine Moscow ilikuwa timu moja mbele ya vikwazo vya 2022.

Hata hivyo sekta ya teknolojia ya Ukraine haikufa. Mauzo yake ya huduma za kompyuta kwa nje yalipita dola bilioni 7 mwaka huo wa 2022. Wengi walihamia magharibi mwa nchi kabla au mara tu baada ya mabomu, na Urusi ilipoanza kuipiga mitambo ya umeme mnamo Oktoba, ofisi ziliwasha majenereta na kutumia intaneti ya satelaiti. Waliookoka walikuwa na mpango ulioandikwa mapema: nani anahamia wapi, nani anashika kazi ya nani, nakala ya msimbo iko nchi ipi. Mwekezaji akisikia kwamba mkandarasi yuko katika nchi yenye wasiwasi asikimbie papo hapo. Aombe kuuona mpango huo.

Belarus inafundisha upande mwengine, ule wa serikali ya ndani. Baada ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2020 kulizuka maandamano makubwa na mtandao ukakatwa kwa siku tatu. Mwanzilishi wa PandaDoc, kampuni ya programu za nyaraka, alipojitolea hadharani kuwasaidia askari walioacha kazi, polisi waliingia ofisi za kampuni hiyo Minsk na wafanyakazi wanne wakakamatwa. Kampuni ikawahamisha watu wake. Mteja wa kampuni kama hiyo hana habari na siasa za Belarus, lakini mhandisi wake anaweza kulala rumande.

Mtandao unapozimwa

Vita ni hatari inayoonekana. Kuzimwa kwa mtandao hutokea mara nyingi zaidi na huzungumzwa kidogo. Turudi kwenye mfano wa programu ya mwani. Tarehe 18 Julai 2024, wakati wa maandamano ya wanafunzi dhidi ya mgao wa ajira za serikali, Bangladesh iliizima intaneti nchi nzima. Mtandao wa waya ulianza kurudi kidogo kidogo baada ya siku tano; wa simu ulichukua siku kumi. Bangladesh ina mamia ya maelfu ya vijana wanaofanya kazi za kompyuta kwa wateja wa nje. Kwa mteja, fundi wake alitoweka tu: hajibu ujumbe, hapokei simu, haonekani. Kama hitilafu ingetokea kwenye seva siku ile, na nywila zote ziko Dhaka, wakulima wa Pemba wangepima mwani bila kulipwa, na hakuna mtu kisiwani ambaye angeweza kufanya lolote.

Afrika Mashariki haiko nje ya orodha hii. Uganda iliuzima mtandao tarehe 13 Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, na kuurudisha tarehe 18. Tanzania nayo iliufunga siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, na huduma ikaanza kurejea Novemba 3. Kwa hiyo anayesema "tutairudisha kazi nyumbani, hatari itakwisha" hajamaliza hesabu. Kazi ikiwa Chake Chake, mtandao ukizimwa, fundi wa Chake Chake naye hatoweza kuifikia seva iliyoko Cape Town. Aliye salama ni mwenye watu wawili katika mamlaka mbili zisizofuata kalenda moja ya siasa, kila mmoja akiwa na funguo kamili.

Kuzimwa kwa mtandao wakati wa uchaguzi kuna nafuu moja: chaguzi zina tarehe. Mwekezaji anaweza kuzijua miaka mingi mbele na kukataza mabadiliko makubwa ya programu katika wiki zinazozizunguka, ama za nchi ya mkandarasi au za nyumbani.

Nyaya za chini ya bahari

Mazungumzo kati ya Pemba na ng'ambo hayapiti hewani kama watu wengi wanavyodhani. Karibu yote hupita katika mikongo, yaani nyaya za nyuzi za kioo zilizolazwa chini ya bahari. Biashara hii si ngeni kwa pwani yetu: Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa waya wa simu za maandishi mwaka 1879, na njia ya leo kuelekea kaskazini bado inapita karibu na huko huko.

Mlango huo wa kaskazini ndio uliotikiswa. Tarehe 18 Februari 2024, wapiganaji wa Houthi wa Yemen waliipiga kwa kombora meli ya mizigo ya Rubymar. Mabaharia wakaiacha, ikaelea kwa siku kadhaa ikiburuza nanga yake, na katika kipindi hicho mikongo mitatu ya Bahari ya Shamu ikakatika, ukiwemo wa Seacom unaohudumia Afrika Mashariki. Kuunga mkongo kwa kawaida ni kazi ya wiki chache. Safari hii meli za matengenezo zilihitaji ulinzi na vibali katika maji ya nchi yenye serikali mbili zinazopigana, na kazi ikachukua miezi. Kisha tarehe 12 Mei mwaka huo huo, mikongo ya EASSy na Seacom ikakatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Milango miwili ya nyumba moja ilikuwa imeharibika ndani ya miezi mitatu.

Kwa kampuni changa, pigo la mkongo kukatika hutegemea mambo mawili: seva iko wapi, na programu inaweza kufanya nini bila mtandao. Programu ya mwani inayohifadhi kilo ndani ya simu na kuzituma mtandao unaporudi itaendelea kutumika Micheweni hata bahari ikichafuka. Inayotaka ruhusa ya seva ya Ireland kwa kila kilo itasimama. Tofauti hiyo huamuliwa na mkandarasi katika mwezi wa kwanza wa kazi, na mkandarasi anayeishi katika mji wenye intaneti ya saa zote hatoifikiria kama hakuambiwa. Ni gharama ndogo mwanzoni na kubwa mno baadaye, na katika sura hii yote ndilo jambo ambalo mwekezaji wa Pemba ana sababu zaidi ya kulishikilia.

Vikwazo na sheria za wengine

Vikwazo ni amri ya serikali inayowakataza watu wake kufanya biashara na nchi, kampuni au mtu fulani. Mwenye kampuni Pemba anaweza kudhani havimhusu, maana hana ugomvi na mtu. Lakini vifaa vyake ni vya watu wenye ugomvi.

Julai 2019 GitHub ilizifunga au kuzibana akaunti za watumiaji waliokuwa Iran, Syria na Crimea ili kutii sheria za Marekani. Watu waliamka hawaifikii kazi yao ya faragha. Mwezi Mei wa mwaka huo huo, Marekani iliiingiza Huawei katika orodha ya kampuni zinazozuiwa kuuziwa teknolojia yake, na simu mpya za kampuni hiyo zikapoteza huduma za Google. Programu zilizotegemea ramani au arifa za Google hazikufanya kazi sawasawa kwenye simu hizo. Huawei ndiyo iliyo katika sehemu kubwa ya mitambo ya simu barani Afrika, kwa hiyo mvutano wa Washington na Beijing una mlango wake hapa hapa.

Malipo nayo hukwama. Machi 2022, baadhi ya benki za Urusi ziliondolewa katika SWIFT, mtandao ambao benki hutumia kupelekeana maagizo ya fedha, na Visa na Mastercard zikasimamisha shughuli zao huko. Mteja mwenye fedha na nia ya kulipa hakuwa na njia ya kumlipa mhandisi wake. Kazi isiyolipwa husimama, na mhandisi asiyelipwa ndiye mwenye nywila.

Hata jina la tovuti lina nchi yake. Kampuni changa nyingi duniani zimechagua majina yanayoishia na .io, herufi zilizotolewa kwa Eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi, yaani visiwa vya Chagos. Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza ilitia saini mkataba wa kuvikabidhi visiwa hivyo kwa Mauritius, na tangu mpango huo ulipotangazwa Oktoba 2024 wenye majina hayo wamekuwa wakiuliza hatima yake. Kampuni ya Pemba yenye jina la .tz imejiondolea angalau wasiwasi huo mmoja.

Kwa upande wa nyumbani, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyopitishwa 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kuzipeleka taarifa za watu nje ya nchi, na ina Tume yake ya kuisimamia. Majina, namba za simu na mapato ya wakulima wa mwani ni taarifa binafsi. Zikikaa katika kompyuta ya fundi wa ng'ambo kwa sababu tu alizihitaji kufanyia majaribio, kampuni imeshajiweka pabaya kisheria kabla hata ya mgogoro wowote. Mkandarasi anaweza kufanyia majaribio taarifa za kubuni. Hakuna sababu ya kumpa za kweli.

*Kwa ufupi: vikwazo humpata asiyehusika kupitia vifaa, malipo na majina anayoyatumia.*

Shilingi na dola

Mikataba ya nje huandikwa kwa dola. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Mkataba wa dola 3,000 kwa mwezi uliokuwa ukigharimu kama shilingi milioni 6.9 ukakaribia milioni 7.9, bila mkandarasi kuongeza hata senti. Sehemu ya mabadiliko hayo ilitokana na riba kupandishwa Marekani na bei za bidhaa kuruka baada ya vita vya Ukraine. Mwekezaji anayekokotoa fedha ya miezi 18 aiandike kama ya miezi 15.

Mkataba na umiliki wa msimbo

Watu wengi huamini kwamba aliyelipia programu ndiye mwenye programu. Katika sheria za nchi nyingi haiko hivyo: haki ya mwanzo hukaa kwa aliyeandika, na mkandarasi wa nje hubaki nayo mpaka aihamishe kwa maandishi. Wakati wa amani jambo hili halionekani. Mgogoro ukizuka, mkandarasi akifilisika au mali zake zikikamatwa na serikali yake, msimbo usiohamishwa unahesabika kuwa ni mali yake.

Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, ya 2003, tofauti na ile ya Tanzania Bara ya 1999, kwa kuwa jambo hili si la Muungano. Usajili wa kampuni nao uko mbali mbali: BPRA kwa Zanzibar, BRELA kwa Bara. Mkataba unaotaja "sheria za Tanzania" bila kusema ipi unaacha mlango wazi. Utaje kampuni iliyosajiliwa wapi, hakimiliki inahama lini (salama zaidi ni kila malipo yanapofanyika, badala ya kungoja kazi nzima iishe), na mgogoro utaamuliwa wapi. Kushinda kesi katika mahakama ya Zanzibar dhidi ya mtu asiye na mali Zanzibar ni karatasi tu, ndiyo maana mikataba ya aina hii hupendelea usuluhishi wa kimataifa, yaani mwamuzi wa kibinafsi ambaye uamuzi wake hutambuliwa na mahakama za nchi nyingi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha

Mwekezaji hana haja ya kujua kuandika programu ili aulize haya, na mwanzilishi makini atayajibu kwa kikao kimoja:

- Akaunti za ghala la msimbo, seva na jina la tovuti zimefunguliwa kwa jina la kampuni au la fundi?
- Nani, aliyeko Zanzibar na anayelipwa na kampuni, anaweza kuusoma msimbo na kuubadilisha?
- Nakala kamili ya msimbo na taarifa inatunzwa katika nchi ya pili, na ilichukuliwa mara ya mwisho lini?
- Nchi ya mkandarasi ina uchaguzi lini, na imewahi kuzima mtandao?
- Fedha inamfikia mkandarasi kwa njia ngapi?
- Programu hufanya nini mtandao ukikatika kwa muda wa saa sita?

Katika maswali hayo la pili ndilo lenye uzito mkubwa, na ndilo hujibiwa vibaya zaidi. Kampuni huona kuajiri mtu wa nyumbani ni kupoteza lile punguzo la bei lililowapeleka nje. Hesabu hiyo ina kasoro. Kijana mmoja aliyemaliza Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) au Taasisi ya Karume, akikaa na mkandarasi tangu siku ya kwanza, akisoma kila sehemu inayoongezwa na kuandika maelezo yake kwa Kiswahili, baada ya mwaka mmoja ndiye bima ya kampuni. Mkandarasi akipotea, kazi itapungua kasi lakini haitokufa. Mpango wa Silicon Zanzibar uliotangazwa 2022 unavutia kampuni za teknolojia zaidi Fumba, Unguja. Faida yake kwa Pemba itapimwa kwa idadi ya vijana wa kisiwani watakaoshika kazi za namna hii, na mwekezaji anayelazimisha sharti hilo katika mkataba wake anaisukuma faida hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha lipo jaribio moja linalofaa kuliko nyaraka zote. Kampuni iambiwe ichague siku, na bila kumpigia simu mkandarasi, mtu wake wa Zanzibar auchukue msimbo kutoka kwenye nakala, aupandishe kwenye seva mpya katika nchi nyengine, na kuifanya programu ifanye kazi yake kuu: katika mfano wetu, kupima kilo kumi za mwani na kutuma malipo. Kampuni nyingi zitashindwa mara ya kwanza. Nywila moja itakosekana, au sehemu fulani ya msimbo itagundulika ipo kwenye kompyuta ya fundi peke yake. Kushindwa huko kuna manufaa, maana kila kilichokosekana kinaandikwa na kurekebishwa wakati fundi bado anapokea simu.

Matokeo ya jaribio yaingie katika namna fedha inavyotolewa. Badala ya kutoa mtaji wote kwa mkupuo, mwekezaji autoe kwa mafungu. Fungu la kwanza litoke akaunti zote zikiwa kwa jina la kampuni na hati ya kuhamisha hakimiliki imetiwa saini. La pili lingoje mtu wa nyumbani aajiriwe. La tatu, ambalo liwe kubwa kuliko yote, litoke baada ya programu kusimamishwa upya bila msaada wa ng'ambo, na jaribio lirudiwe kila mwaka, na kila mara kabla ya uchaguzi mkuu wa nchi yoyote inayohusika. Waanzilishi wengine watayaona masharti haya ni mazito kwa fedha ndogo. Mwekezaji anaweza kuyapunguza yote isipokuwa lile la akaunti na nywila: kampuni isiyokubali kuzishika funguo zake yenyewe haijawa tayari kupokea mtaji wa mtu.